Debe na Konzi Mbili Juu

Bondeni
Ijumaa, 3 Aprili

Kwa binti yangu Punje, mkaguzi wa mbegu huko mjini.

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa, na meno ya mbele yote ni yangu. Nimemzika mama yako, nimewazika kaka zangu wote, nimemzika hata yule daktari aliyesema sifiki mwaka mpya. Ukame mkubwa ulinikuta ukaniacha. Nzige walikuja wakaondoka, mimi nipo. Daraja la mbao lilichukuliwa na maji, la chuma likachukuliwa na wezi, mimi navuka mto kwa miguu yangu. Mabwana shamba wanakuja hapa na buti mpya na kuondoka na ndara, sijui ni wangapi sasa. Hawakuniita Kisiki bure. Kwa hiyo ukiona mwandiko unatetemeka ujue ni kalamu mbovu, si mimi.

Simu uliyoninunulia ni nzima, iko ndani ya kikombe kabatini. Siitumii kwa jambo hili. Mimi nikishika simu napiga kelele, wewe mwenyewe umesema, na kuta zangu ni za mabati. Barua atakuletea dereva wa lori la maziwa. Hawezi kusoma mwandiko wangu. Hata mimi siku nyingine siuwezi.

Kwanza nikukumbushe ule mkutano wa sheria ndogo, maana wewe ulikuwa kwenye meza ya maofisa unaandika, labda hukuona vizuri jinsi watu walivyosimama. Diwani alisoma kwamba mbegu za maabara zisipandwe upande wetu wa mto, na shamba litakalokutwa nazo ling'olewe. Nikainuka. Nikasema haitoshi! Ghala lake nalo lichomwe. Na aseme amezitoa wapi! Walipiga makofi mpaka kiti cha diwani kikaanguka. Bwana shamba mwenyewe alinifuata kunipa mkono, na ndipo wakanifanya mwenyekiti wa kamati ya mbegu, wakanipa vile vikaratasi vya kupimia.

Nilikuwa na haki ya kusema. Mbegu yangu ni ya bibi yako, haijawahi kuliona duka. Anayetaka anachukua debe. Akivuna anarudisha debe na konzi mbili juu. Debe lililorudi nalipanda katikati ya shamba, kwa kuwa mgeni hakalishwi mlangoni. Bonde zima linakula kwa utaratibu huo. Asiyerudisha anajua ataitwa nani, kamuulize mjomba wako huko ng'ambo ya mto.

Sasa swali langu ni dogo. Kuna jirani. Amepima majani ya mahindi yake, kikaratasi kikatoa mistari miwili badala ya mmoja. Hajanunua mbegu za maabara wala hajazitafuta. Mahindi yamefika magotini. Je, sheria inamtaka afanye nini mtu wa namna hiyo? Nauliza kwa niaba yake, ni mtu mwoga.

Jibu upesi.

Baba yako,
Kisiki


Mjini
Jumanne, 7 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata ikinuka maziwa yaliyochacha. Nimeisomea kwenye chumba cha sampuli, kati ya friji mbili, mahali pekee hapa ofisini ambapo mtu hasomi begani kwako.

Jirani gani, Baba? Upande mmoja una mto, upande wa pili una barabara, nyuma yuko Mama Kuku. Na Mama Kuku hajawahi kuwa mwoga hata siku moja. Aliwahi kumfukuza mkusanya ushuru kwa mwiko.

Nitajibu kama nilivyoulizwa. Sheria ndogo ina milango miwili. Mtu akijitaja mwenyewe kabla ya ukaguzi, yanang'olewa yale mahindi yenye mistari miwili tu, na mbegu iliyo kwenye ghala lake inachomwa. Waliochukua mbegu kwake wanapimiwa, wanang'oa machache yaliyochanganyika, wanaachwa na mengine. Lakini akikaa kimya hadi akutwe, linachomwa shamba lote, na mashamba yote yaliyopandwa kwa mbegu yake. Na kwa milango yote miwili lazima aseme amezitoa wapi. Aliyempa anafikishwa mbele ya baraza. Kama ni mtumishi wa serikali, kazi imekwisha siku hiyo hiyo, na mahakama inafuata. Maneno hayo unayajua. Ni ya kwako. Mimi niliyaandika tu.

Nimekwambia mara nyingi kwamba mahindi yale si sumu. Ng'ambo ya mto madiwani wao wameyaruhusu na watu wanakula na kulala. Lakini huku tulichagua kuhifadhi mbegu zetu wenyewe, na vumbi la mbelewele, maua ya kileleni, halijui mpaka wa wilaya. Zikishafunguka, upepo unafanya kazi iliyobaki. Ndiyo maana ukaguzi wa bonde lenu utafanywa mwezi huu, kabla hazijatoka. Siku haijapangwa.

Mwambie jirani yako asingoje. Na unieleze: ni shamba zima au ni sehemu? Safu za wapi?

Dereva anasema umehamishia kitanda mlangoni kwa ghala na unalala na panga. Baba, kuna nini?

Binti yako,
Punje


Bondeni
Ijumaa, 10 Aprili

Punje,

Marahaba. Haya, jirani ni mimi. Usicheke.

Nilipima mashamba ya watu wote kwanza, kama mwenyekiti. Kila shamba mstari mmoja, nami nawapiga begani, nawaambia mnaona faida ya mbegu yangu? Nikaliacha langu la mwisho, nilipime mbele ya watu kwa kujionyesha. Bahati ilikuwa mvua ikanyesha, watu wakaenda zao, nikapima peke yangu. Nikaponda jani kwenye kikombe cha chai, nikatia maji, nikachovya kikaratasi. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ulikuja polepole, Punje, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama wenyeji wamelala.

Nikasema kikombe kichafu. Nikakiosha. Nikapima tena. Nikapima pembeni, mstari mmoja. Upande wa mto, mmoja. Safu za katikati, miwili. Viwavi wametoboa majani ya pembeni yamekuwa chekeche, lakini katikati hawajagusa, yamesimama safi kama maharusi wanaongoja kupigwa picha. Nilikuwa nimeyasifu yale! Nilimwita Mama Kuku aje ayaone.

Na si hilo tu. Katikati nilipanda nusu ya debe. Nusu iliyobaki, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri, niliimimina pipani nikaikoroga na mbegu ya bibi yako, nikawagawia watu wa upande wa kijito. Wao nilipima jani moja moja tu, la karibu na njia. Kwa hiyo nao huenda wanazo. Mama Kuku peke yake ndiye hakuchukua, anapanda za mwaka juzi, amezitundika juu ya moshi wa jiko lake.

Kama ni kuchomewa yangu, nimeona makubwa kuliko hayo. Lakini kujitaja ni kusema limetoka wapi. Mwaka huu katikati lilikaa debe moja tu. Aliyelileta namjua kama ninavyojua mkono wangu. Simtaji. Hata wewe usiniulize, nakukataza kama baba yako.

Jana bwana shamba alipita. Akasema, "Mzee, mahindi yako ya katikati yana afya, unayapa nini?"

Nikamwambia, "Heshima."

Akacheka. Akasema, "Hebu nichukue jani moja la kumbukumbu."

Nikamwambia mahindi yangu hayapigwi picha wala hayachumwi majani bila kamati, na mwenyekiti wa kamati ni mimi, na mwenyekiti anaumwa mgongo. Akaondoka, lakini alivyoangalia nyuma sikupenda.

Toka hapo nikisikia pikipiki moyo unanipiga kwenye meno. Leo asubuhi moja ilisimama barabarani, nikashtukia nimechutama nyuma ya pipa langu mwenyewe. Mimi! Ilikuwa ya muuza mikate.

Kila asubuhi nakwenda kupapasa vichwa vya mahindi kama ni watoto wenye homa. Bado. Lakini yanavimba.

Baba yako,
Kisiki


Mjini
Jumanne, 14 Aprili

Baba, shikamoo.

Debe la katikati ni langu. Unajua, nami najua, na umenichoma zaidi kwa kutonitaja kuliko ambavyo ungenitukana.

Nitakueleza mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu sina pa kulisemea lingine. Ulinipa debe nikapande kwenye kiploti nyuma ya nyumba za watumishi. Nilipanda. Viwavi wakaingia. Mimi, mkaguzi wa mbegu, niliyesomea wadudu, sikuvuna hata kikapu. Yaliyopona yalikuwa na vibunzi vya kutupa. Na likizo imefika, natakiwa kuja nyumbani na debe na konzi mbili juu.

Baba, niliogopa. Sikuogopa njaa wala mkubwa wangu wa kazi. Nilikuogopa wewe. Nilikuwa mdogo siku Mjomba alipokuletea debe bila kitu. Nilisimama nyuma ya mlango. Ulimcheka mbele ya watu, ukamtungia wimbo, ukauimba sokoni na harusini, mpaka hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Debe Tupu. Watoto wake wakawa watoto wa Debe Tupu. Akahamia ng'ambo na hata siku ya mazishi ya Mama alisimama ukingoni mwa mto, hakuvuka. Nami ndiye ulikuwa ukinisifia, mwanangu msomi, mwanangu ofisa. Nikajiuliza mimi utaniimbaje.

Hapa ofisini kuna stoo ya mahindi ya majaribio. Yakishapimwa uzito huwekwa kwenye magunia yakachomwe. Nilichukua kutoka kwenye gunia la kuchomwa. Nilijua ni ya aina gani. Nilidhani utayasaga, Baba. Ulikuwa umesema ghala limejaa, mbegu inatosha, ya mwaka huu itakwenda mashineni. Nikasema moyoni, yakisagwa yamekwisha, hayawezi kuota kwenye sufuria. Kumbe uliyaona yanang'aa ukaona haya kuyasaga.

Sijalala vizuri tangu barua yako ya kwanza. Nilipouliza ni safu za wapi, nilikuwa najua jibu, naomba tu nisilipate.

Nitasema. Nitaandika maelezo yangu, nitampa mkubwa wangu. Naomba tu uniambie kwamba umenisikia.

Binti yako,
Punje


Bondeni
Ijumaa, 17 Aprili

Punje,

Nimekusikia.

Nilisoma mpaka pale pa kusimama nyuma ya mlango nikaiweka barua chini. Nikatoka nje. Nikarudi nikasoma tena pale pale. Sikujua kulikuwa na mtu nyuma ya mlango.

Ule wimbo watu walicheka. Mama yako hakucheka, sasa nakumbuka. Alikuwa kaka yake.

Siku zote nilijua naheshimiwa. Kumbe wengine walikuwa wanatetemeka tu, na mimi nikihesabu yote ni heshima.

Sasa sikiliza neno langu. Usiandike maelezo. Usimpe mkubwa wako kitu. Una miaka mingi mbele na wanao bado wanasoma. Usiseme neno mpaka upate barua yangu nyingine. Nakuomba, na wewe unajua mimi kuomba sijui.

Mbelewele mbili zimechomoza leo, upande wa katikati. Hazijafunguka. Nimezikata nikazila kama mbuzi, nikaogopa hata kuzitupa.

Baba


Mjini
Jumatatu, 20 Aprili

Baba, shikamoo.

Siku imepangwa. Ni Ijumaa hii, tarehe 24. Bwana shamba wenu ameandika kwamba mwenyekiti wa kamati ya mbegu alimkatalia jani. Wanaanza na shamba lako. Wanakuja na diwani, na askari wawili, na madumu ya mafuta ya taa. Na katika timu, jina la pili ni langu. Nilisema ni baba yangu, nitolewe. Mkubwa akasema, "Ndiyo maana tunakupeleka. Watu wakiona binti amempima baba yake, nani atasema tunaonea?"

Kwa hiyo nitasimama mbele yako na kikaratasi mkononi. Watakuuliza umezitoa wapi, nawe utakaa kimya kama kisiki, nawajua watu wa aina yako. Wataandika kwamba umekutwa, si kwamba umejitaja. Yatachomwa yako, na ya Mama Kuku asiye na kosa watayatilia shaka, na ya upande wa kijito yote, na wale kina mama hawana kingine.

Sitaweza kuliona hilo. Nitasema hapo hapo shambani. Usinikataze. Mimi pia nimezaliwa na Kisiki.

Vikaratasi nimeshavifungasha.

Punje


Bondeni
Alhamisi, 23 Aprili

Kwa binti yangu Punje.

Dereva nimempa barua hii akupe mkononi leo leo, amekataa nauli, nimempa yai. Isome yote kabla hujapanda gari la kesho. Nimeandika polepole isikosewe.

Jumanne, mara tu dereva aliponiachia barua yako, nilichukua debe. Tupu. Nikaliweka kichwani nikashuka mtoni mchana kweupe. Mama Kuku alikuwa anafua. Akaniambia, "Wewe Kisiki, unalipeleka wapi debe hilo, unahama?"

Nikamwambia nakwenda kulijaza.

"Ng'ambo? Kwa yule?"

"Kwa yule yule."

Akaacha nguo zikachukuliwa na maji, ikabidi nimkimbilie shuka lake. Maji yalinifika kiunoni. Sisemi niliogopa maji. Niliogopa ukingo wa pili.

Shemeji yangu alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Hakuinuka. Akasema, "Umechelewa. Wadai wengine huja mwaka ule ule."

"Sikuja kudai. Nimekuja kuomba."

"Sema tena, sikio hili bovu."

"Nimekuja kuomba!"

"Na hili jingine pia bovu kidogo."

Nikasema mara ya tatu, na mke wake alikuwa ametoka jikoni, na wajukuu wake. Ndipo akanielekeza kigogo cha kukalia. Nikamweleza yote, Punje. Debe lako, viwavi, gunia la kuchomwa, katikati, pipa, askari wa Ijumaa. Sikuficha kitu, maana mtu ukimwomba akubebee mzigo lazima aujue uzito wake. Nikamwambia nataka aseme mbegu zile alinipa yeye, msimu uliopita, mimi nikazipanda kwa ubishi wangu, nione kama kweli zinashinda za bibi yako. Huko kwao si kosa, dukani zinauzwa kama sabuni. Wewe hutajwi.

Akageuza jembe. Akasema, "Mwaka ule niliokuletea debe halina kitu, uliniuliza kwa nini?"

"Sikuuliza."

"Watoto walikula mbegu. Tuliwapikia mbegu, shemeji. Mmoja hata hivyo hakuvuka mwaka. Nikaja kukwambia, ukaanza kuimba kabla sijakaa."

Punje, mimi nimeishi kuliko mengi, nimekuandikia mwenyewe. Lakini pale kwenye kile kigogo nilitaka niwe mmoja wa wale niliowazika.

Akasema, "Jiite jina lile."

Nikajiita.

"Na wimbo."

Nikauimba. Wote, na kibwagizo. Sauti haikutoka vizuri. Nilipofika mwisho hakuna aliyecheka, hata wajukuu. Yeye akafuta mpini kwa kiganja, akasema, "Kwa Punje nitasema. Kwako wewe bado." Kisha akaingia ndani akanijazia debe mahindi yake ya maabara, akaongeza konzi moja, akaongeza ya pili. Akasema, "Uongo nao ukipewa mwili unatembea vizuri zaidi."

Nimerudi nalo. Dereva wa maziwa ndiye aliyenitua pale barabarani, akauliza ni nini, nikamwambia kwa sauti, na watu wa kituoni wakasikia.

Jana asubuhi nilimwita diwani na bwana shamba kabla hawajaniita wao. Nikajitaja. Nikasema nimezitoa kwa shemeji yangu ng'ambo, na debe hili ni ndugu wa lile, pimeni. Bwana shamba akapima. Mistari miwili. Akapima safu za katikati. Miwili. Diwani akakaa chini kabisa, kwenye udongo, akasema, "Mzee, wewe? Wewe uliyeangusha kiti changu?"

Nikamwambia ndiyo mimi. Nikamwambia na lile neno nililolitia kwenye sheria, la mtu lazima ataje aliyempa, alitoe. Linawafanya watu walale na panga mlangoni mwa ghala badala ya kuja kusema. Akasema si rahisi, ni mpaka baraza likae. Nikamwambia kulitia ilikuwa rahisi. Akaandika kitu.

Tumeng'oa safu za katikati. Mbelewele zilikuwa zimetoka chache, hazijafunguka, bwana shamba amekagua moja moja. Pembeni wameniachia. Upande wa kijito wamepita na vikaratasi vyao, wameng'oa mashina machache kwa kila shamba, yaliyobaki yamesimama. Wengine wamenitazama vibaya. Mmoja ametema mate. Sikusema kitu, na kutosema kitu ilikuwa kazi kubwa kuliko kung'oa.

Pipa nimelichoma mwenyewe. Sikukubali askari aje kulichoma kesho. Mbegu ya bibi yako inalia ikiungua, Punje, inaruka ruka kwenye bati kama inagonga ifunguliwe. Nilisimama mpaka iliponyamaza. Macho yalinitoka maji, wengine walisema ni moshi.

Mama Kuku alikuja jioni na kile kifurushi chake cha mwaka juzi, cheusi kwa masizi. Amekipima mbele yangu. Mstari mmoja. Amesema atanipa debe, nikivuna nirudishe debe na konzi mbili juu, na nisiporudisha yeye hajui kuimba ila atajifunza.

Sasa kesho. Wataniuliza tena mbele ya timu, nami nitasema niliyoyasema. Adhabu nitakayopewa niachie mimi, najua kuibeba. Wewe utapima lile debe na mashina tuliyoyang'oa, utasema mistari miwili, na hiyo ni kweli kabisa. Basi. Usiongeze. Ukifungua mdomo, pipa nitakuwa nimelichoma bure, na shemeji yangu atakuwa amenisikiliza nikiimba bure.

Lakini nakujua. Ndiyo maana toka jana silali. Siogopi askari wala mafuta ya taa yao. Namwogopa mtoto aliyekuwa nyuma ya mlango, kwamba safari hii atatoka. Mkono unatetemeka, na kalamu ni nzima, nimenunua mpya.

Wakikuuliza kama ninayosema ni kweli, wasikuulize wewe. Wapo wa kuwauliza. Yupo Mama Kuku, aliniona nikivuka na debe kichwani, na hatasema ilikuwa siku gani asipoulizwa. Yupo dereva wa maziwa, alinitua likiwa limejaa. Na yupo shemeji yangu, kaka wa mama yako, mtu wa kweli kuliko wote upande huu na ule. Nimewapa jina lake lenyewe, alilopewa na wazazi wake, na bwana shamba ameliandika. Kesho atavuka mto aje kusema kwa mdomo wake. Lile jina jingine asiitwe nalo tena, lina mwenyewe.

Baba yako,
Debe Tupu